Kadi ya Fundi Deo na Duara la Kashinje

Haya, nyie wa simu za kupangusa, sogeeni karibu. Juzi mmoja wenu, simtaji maana mama yake atanijia juu, aliniambia hawezi kuanza kazi ya ramani mpaka apate kompyuta mpya yenye nguvu, eti imeshaagizwa, iko njiani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hilo neno njiani nimeishi nalo miaka kumi na miwili. Limekaa nyumbani kwangu muda mrefu kuliko marehemu mume wangu. Basi leo nawapa habari ya kadi ya Fundi Deo. Mkitaka kucheka chekeni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Shija. Nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za maduara ya chama chetu cha wachimbaji wadogo, huku Rwamgasa. Duara ni shimo la dhahabu, hata likiwa na pembe nne, msianze ubishi. Kila duara lilipaswa kupimwa: limeshuka kiasi gani, limepinda wapi huko chini, limekwenda ubavu upi. Usipojua hayo, watu wa shimo hili wanatoboa shimo la jirani, na kama la jirani limejaa maji, mnakuja kuzika.

Kompyuta yenyewe waliiacha wazungu wa utafiti walipofunga virago. Hata siku hiyo ilikuwa ya zamani. Kioo chake kilikuwa na mgongo mrefu kama nundu, rangi yake ya maziwa yaliyoganda, na ilikula disketi, vile visahani vya plastiki ambavyo nyie mnaviona kwenye picha tu. Programu ya kuchora maduara ilikuwa humo na haikukubali kuhamia kwingine. Wajanja wa Geita mjini walijaribu, wakashindwa, wakasema kosa ni la umeme wetu.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Bundala, mpimaji, mtu mfupi asiyecheka. Siku ya kwanza hakunipa kompyuta. Alinipa kamba yenye mafundo, fundo moja kila mita, akanituma nikapime choo. Nikasema mzee, nina cheti cha kompyuta mimi. Akasema choo nacho ni shimo, nenda. Nilipima choo, nikakosea mita nzima, akanirudisha nikapime tena na watu wamepanga foleni nje na magazeti yao mkononi.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Yeye alishuka na kamba, akatoa hesabu ya mafundo kwa sauti, mimi naandika huku juu, nimekaa hatua nane kutoka mdomo wa duara. Kwa nini hatua nane? Kwa sababu mimi ni mwanamke, na huku machimboni mwanamke hakanyagi mdomo wa duara, wanasema dhahabu inakimbia. Akikanyaga, kazi inasimama mpaka mganga aje asafishe. Niliona ni upuuzi mtupu, na bado naona. Lakini nilikuwa na watoto wa kusomesha, nikakaa hatua zangu nane.

Nataka mjue nami nimeharibu, msidhani naongea kama malaika. Mwaka wangu wa pili niliziweka disketi zote kwenye droo moja na sumaku. Ile sumaku wanayotumia watu wa mwaloni, kule wanakooshea mchanga, kutoa vipande vya chuma kwenye mchanga kabla ya kutafuta dhahabu. Mtu mmoja aliniachia nimtunzie, nikaitunza vizuri sana, juu ya disketi kabisa. Asubuhi nikawasha kompyuta, kilima kizima hakipo. Maduara yote yamefutika. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mzee Bundala hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alichukua kamba, akanitupia daftari, tukapima upya kilima chote, miezi miwili, jua linawaka. Tulipomaliza akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, ramani inatoka kwenye miguu. Ile mashine inaisoma tu."

Akafa mwaka uliofuata, kwa malaria, kitandani kwake. Nikabaki na kamba, daftari na ile mashine ya nundu.

Sasa tuje kwa Deo. Fundi Deo alikuwa wa Mwanza, kijana mpole, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Mwenyekiti wetu, Mzee Lugata, alimleta aitazame kompyuta ilipoanza kugoma. Deo akaifungua, akaishangaa kama mtu aliyekutana na bibi yake sokoni. Akatuambia ziko nchi ambako watu wanazipenda mashine za aina hii mpaka wana vikundi vyao, na kikundi kimojawapo kinatengeneza kadi. Ukiichomeka hiyo kadi, mashine inaongezeka kumbukumbu, inapata rangi, inaongea na printa za kisasa. Yeye ni mwanachama. Kadi itakuwa tayari baada ya miezi mitatu.

Mzee Lugata alipenda. Mimi nikauliza, nani ameiona hiyo kadi ikifanya kazi? Deo akatoa picha kwenye simu. Ilikuwa kadi kweli, imelazwa juu ya kitambaa cha kijani.

Mwaka uliofuata akaleta picha nyingine. Kadi ileile, kitambaa chekundu. Nikasema naona maendeleo, wamebadilisha kitambaa. Hakuna aliyecheka.

Halafu zikaanza sababu. Kuna kipande kimoja kidogo kama punje ya mtama kimekosekana dunia nzima. Kiwanda kimehama. Ugonjwa umeingia duniani, meli hazitembei. Mwenye kuchora kadi amegombana na mwenye kuandika programu yake. Kila mwaka kadi haiji, lakini kila mwaka inaongezewa uwezo. Mwaka wa tano wakasema sasa itakuwa na muziki. Nikauliza kwenye kikao, mbele ya wajumbe wote, duara linahitaji muziki wa nini, wachimbaji watashuka wakicheza? Mzee Lugata akaniambia, "Mama Shija, wewe una roho ya kukatisha tamaa."

Mnajua kwa nini walisubiri? Mgeni angewaona wajinga. Hawakuwa wajinga, walikuwa wachimbaji. Mchimbaji wa huku analisha duara mwaka mzima, anapeleka unga na dagaa kwa vijana wa chini, na kila akiuliza anaambiwa bado mita mbili, mwamba umeshabadilika rangi. Na kweli, mara moja moja duara linatema dhahabu, na aliyeondoka jana anajuta mpaka kaburini. Kwa hiyo hawaondoki. Wakaifanya kadi kama duara. Deo akija kutoka Mwanza, huyu anamchinjia kuku, yule anambebesha mchele, na wote wanaahidiwa mgao, kwamba siku kadi ikifika ramani zao zitachapwa kwanza. Watu waligawana kitu kisichokuwepo, kama wanavyogawana mifuko ya mawe ya dhahabu.

Hilo ningelivumilia. Kilichoniudhi ni amri iliyotoka mwaka uleule wa kwanza. Deo alisema mashine isiwashwe ovyo, isije ikafa kabla kadi haijafika. Mzee Lugata akaifunika kitambaa cha kufuma, akafunga mlango wa chumba chake, ufunguo akauvaa shingoni. Nikasema basi nitaendelea kupima na kuandika kwenye daftari. Akasema hapana, kadi ikija itakuwa na fomu yake mpya ya vipimo, madaftari ni ushamba, tutarudia kazi mara mbili. Ndiyo maneno yake.

Mngefanya nini? Mimi nilisusa. Nilitundika kamba ya Mzee Bundala ukutani, nikawa nakwenda ofisini kunywa chai na kutania. Na nilitania kweli. Nilikuwa na uhodari huo. Watu walipita pale kusudi wasikie leo Mama Shija anasema nini kuhusu kadi. Niliapa kwamba kadi hiyo ikifika nitatembea kwa magoti mpaka Geita. Ilinipa raha sana.

Katika miaka hiyo ya kususa alikuja Kashinje. Alikuwa na duara chini ya kilima, upande wa soko, wameshashuka na sasa wanachimba kwa ubavu. Akanisalimia mwangaluka, nikamwitikia. Akaniomba nikalipime maana wamekwenda mbali na yeye mwenyewe hajui tena wako chini ya nini. Alikuwa hata amefunga mafundo kwenye kamba yake, masikini, akanionyesha kwa kidevu upande walioelekea. Ningechukua kalamu. Ilikuwa kazi ya nusu siku. Nikamwambia, "Nenda ukasubiri kadi kama wenzio." Waliokuwepo wakacheka. Naye akacheka kidogo, akakunja kamba yake akaondoka.

Baada ya miezi michache maji yaliwashinda. Wakaliacha, wakafunika mdomo kwa magogo, nyasi zikaota. Kashinje akahamia machimbo mengine, mbali, hata salamu zake hazifiki.

Basi, vijana, kadi ikaja.

Ndiyo. Msinitolee macho. Mwaka wa kumi na mbili Deo alishuka kwenye basi na sanduku amelipakata kifuani. Walikodi viti na turubai. Mchungaji akaomba, shehe akaomba, Mzee Lugata akavua ufunguo shingoni. Deo akachomeka kadi, akawasha. Na ile mashine ikawaka kwa rangi ambazo sijawahi kuziona humo, bluu ya maduara yenye maji, nyekundu ya yanayochimbwa, na printa mpya ikatoa ramani kubwa kama mkeka. Ikapiga na muziki. Watu wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akanigeukia na kipaza sauti mkononi, "Mama Shija, magoti yako mazima?" Turubai zima liliangua kicheko. Nilicheka nao, lakini nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaenda zangu nyumbani. Ramani ikabandikwa ofisini, na kwa hasira zangu sikwenda hata kuitazama. Hilo ni kosa la pili, baada ya lile la Kashinje, liandikeni.

Mwanangu Shija alikuwa na kundi lake la wachimbaji sita. Waliomba eneo, Mzee Lugata akawapa akiwa amesimama mbele ya ramani ya rangi. Wakashuka, wakapiga matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, wakaanza kwa ubavu. Wiki kama ya tano Shija alikuja nyumbani kula, amekuja na nakala ya ramani kunionyesha, nafikiri alitaka tupatane na hiyo kadi. Akaitandaza mezani. Kilima chote kimejaa alama, na upande wa soko ni peupe, safi, hakuna hata nukta. Na katikati ya huo weupe mhuri wa mwenyekiti, na jina la duara lao.

Nikaweka kijiko chini. Kadi ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Ilionyesha kila kitu kilichokuwemo kwenye mashine, na kwenye mashine hakikuwemo kitu chochote cha miaka kumi na miwili.

Nikamuuliza ukuta wa mbele ukoje. Akasema mgumu, mzuri. Nikamuuliza unatoka jasho? Akasema kidogo, tangu juzi. Ilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye chumvi. Mzee Bundala alinifundisha kwamba ukuta ukitoka jasho kiangazi, nyuma yake kuna maji yanakusikiliza unavyogonga.

Nikamwambia mwanangu, msishuke tena, mbele yenu kuna duara la Kashinje, limejaa. Akanitazama kwa huruma. Huruma hiyo ilinichoma kuliko matusi.

"Mama, ulisema kadi haiji, ikaja. Ukasema haitafanya kazi, imefanya. Umeaibika, kubali yaishe."

Nikakimbia kwa Mzee Lugata. Naye alinijibu karibu hayohayo, ila yeye aliongeza kicheko. Nikamwambia Kashinje alikuja kwangu, alinionyesha kwa kidevu. Akasema tunasimamisha duara la watu sita kwa sababu ya kidevu? Nikaenda kwa wajumbe mmoja mmoja. Kila mlango nilianza kusema, wao wanaanza kutabasamu, wanangoja mahali pa kuchekea. Niliwazoesha mwenyewe. Miaka yote ile nilikuwa nawachekesha kwa jambo hilohilo, sasa naongea na machozi yananitoka, wao wanaona ni mchezo mpya. Nilikwenda mpaka chini ya kilima kutafuta mdomo wa duara la Kashinje niwaonyeshe. Nilikuta vibanda vya nyanya vimejengwa juu yake.

Asubuhi, kabla hawajashuka, nilivaa kanga mbili nikaenda kwenye duara la Shija. Vijana walikuwa wanakunywa uji. Nikawapita. Nikapita hatua ya nane, ya saba, ya tatu. Nikavua ndala, nikaketi mdomoni mwa duara, miguu yangu nikaining'iniza ndani.

Mnaona jambo lenyewe. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana mvuta kamba aliiachia kamba, akarudi nyuma kama ameona chatu. Mmoja akamwaga uji. Shija alisimama, uso umekuwa wa majivu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, umetuua."

Nikasema, "Nimechoka kutembea, napumzika."

Nilipumzika pale mpaka saa sita mchana, mpaka kijiji kizima kimeona, pamoja na Mzee Lugata aliyekuja mbio na kiatu kimoja kimefungwa kimoja hakijafungwa. Nilitaka pasiwe na mtu wa kusema hakuona. Jambo nililolidharau maisha yangu yote ndilo pekee lililobaki mkononi mwangu, na nililitumia bila haya. Ramani hawakuniamini, jasho la ukuta hawakuniamini, lakini makalio ya mwanamke mdomoni mwa duara waliyaamini mara moja.

Kazi ikasimama. Wakamtuma mtu wa bodaboda Runzewe kumwita mganga. Mganga naye alikuwa na wateja wengi, akafika siku ya nne. Akazunguka duara, akanusa, akasema uchafu ni mkubwa, tena wa mtu mzima, mtu asishuke siku saba. Sijawahi kumpenda mganga kama nilivyompenda yule. Siku hizo zote Shija hakuja kwangu. Alilala kwa rafiki zake, na mkewe aliniletea mboga kwa kujificha.

Siku ya tatu katika zile saba, mchana, watu wa karibu walisikia mvumo chini ya ardhi, kisha upepo wa baridi ukatoka mdomoni mwa duara. Walipochungulia, maji yalikuwa yamefika nusu ya ngazi, meusi, matimba yanaelea juu yake. Kule sokoni kibanda kimoja cha nyanya kilikuwa kimezama mpaka kwenye paa, mwenye nyanya alikuwa ameenda kula. Vijana sita walikuwa juu, wamekaa kivulini, wanacheza bao.

Nilidhani sasa wataelewa. Kikao kikaitishwa, nikasimama nikayasema yote. Nikasema Kashinje aliniomba kupima na sikupima, nilimtania nikamfukuza, na weupe ule kwenye ramani ni wangu mimi. Wakanisikiliza kwa adabu. Kisha mjumbe mmoja akasema, jamani, si inajulikana? Mwanamke ameketi mdomoni, maji yamekuja. Wote wakaitikia kwa vichwa. Nikatozwa mbuzi wawili na kuku mweupe.

Mzee Lugata yeye alibaki anaitazama ramani, maana si mtu mjinga, na nilimwona amepata wasiwasi. Akamgeukia Deo, akamuuliza kama hiyo kadi haiwezi kuonyesha maduara ambayo hayakupimwa. Deo akafikiri kwa makini. Akasema hii haiwezi, lakini toleo la pili litaweza, wenzake wameshaanza kulichora. Na mbele ya macho yangu nikaona mjumbe mmoja anamuuliza atafikia kwa nani usiku wa leo, maana ana kuku.

Utani wote uliniisha. Kesho yake niliitungua kamba ukutani, nikanunua daftari kubwa, nikaanza na duara la kwanza kushoto. Nilipima miaka mitatu, wachimbaji wenyewe wanashuka na kamba, mimi naandika huku juu, mpaka magoti yakakataa. Daftari analo Wande, binti wa jirani, mnaweza kwenda kuliona. Sijawahi kulipeleka kwenye mashine.

Mbuzi wa faini niliwapeleka mwenyewe. Walikuwa wakubwa na wabishi, wakanishinda nguvu, ikabidi Shija aitwe amshike mmoja. Akaja bila shikamoo, akanipokonya kamba, akatangulia. Kutoka kwangu mpaka kwa mwenyekiti ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye mbuzi. Njia nzima hakunisemesha, amevimba mashavu kama alivyokuwa mtoto, anapiga mawe teke. Nilimfuata nyuma nikimtazama mgongo wake, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Maiti hainuni.